Uliona kwa Mwanga Gani?

Mwaka 2006 Tanzania ilikuwa kwenye mgao mkali wa umeme. Mvua zilikuwa zimekosekana, mabwawa ya kufulia umeme yamepungua maji, na sisi wa Dar es Salaam tulikuwa tukipanga maisha kwa ratiba ya giza. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Mlimani, nasoma ualimu na saikolojia. Tulipanga chumba Sinza, mimi na dada mmoja wa Kipemba aliyekuwa akisoma sheria. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kawaida: korido ndefu katikati, vyumba huku na huku, uani bomba moja na jiko la nje. Mama mwenye nyumba alikaa chumba cha mbele. Jioni umeme ukikatika, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwasha kibatari, akakiweka juu ya kopo tupu la maziwa ya unga ili mwanga ufike mbali.

Mtihani wa mwisho wa muhula, UE kama tulivyouita, ulibeba mada ya kumbukumbu: inavyojengwa, inavyohifadhiwa, inavyopotea, na inakuwaje mtu anapoitwa kutoa ushahidi wa jambo aliloliona kwa macho yake. Mwenzangu alikuwa na mtihani wa Sheria ya Ushahidi. Kwa muda kila mmoja alijisomea upande wake wa meza. Usiku mmoja nikamsikia akirudiarudia kwa sauti ya chini: muda gani, umbali gani, mwanga gani, alimfahamu kabla au hakumfahamu. Nikamuuliza hiyo ni kesi gani. Akanijibu, Waziri Amani, Mahakama ya Rufani ya Tanzania, 1980. Nikafungua daftari langu kwenye ukurasa wa mashahidi, nikamsogezea, na tangu usiku ule tukawa tunasoma pamoja.

Daftari lile ninalo mpaka leo, na karibu tarakimu zote za tafiti ninazozitaja hapa zimo humo.

Mwanzoni nilikuwa napiga msuli kwa njia niliyoizoea tangu sekondari, yaani kukariri. Nilikuwa na madesa ya kutosha, fotokopi za kijivu zilizopita mikono mingi, na pembeni orodha ya majina na miaka. Ebbinghaus 1885. Miller 1956. Peterson na Peterson 1959. Mwenzangu akinishikia karatasi nilitaja yote bila kusita. Lakini yeye alikuwa na tabia ya kisheria ya kutoridhika na jina peke yake. "Sawa shoga, huyo Ebbinghaus alifanya nini hasa?" Ikanibidi nimweleze kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza cha darasani kilinisaidia kutamka tu, si kufafanua. Nikamwambia kwamba Mjerumani huyu alijifanya mwenyewe kuwa mtu wa majaribio: alitunga silabi zisizo na maana yoyote, akazikariri, kisha akapima baada ya muda gani zimepotea kichwani. Akaona kusahau kunakimbia sana ndani ya saa ya kwanza, halafu kunapunguza mwendo. Hao akina Peterson walimpa mtu konsonanti tatu tu, wakamhesabisha kinyumenyume kwa tatutatu ili asipate nafasi ya kuzirudia moyoni, na baada ya sekunde 18 karibu zote zilikuwa zimekwenda.

Nilipokuwa nikieleza hivyo ndipo nilipoielewa nadharia ya Craik na Lockhart ya 1972, ambayo mpaka hapo ilikuwa kwangu jina na tarehe. Wanasema kinachokaa ni kile ambacho akili imekifanyia kazi kwa kina, kwa maana yake, si kile ambacho macho yamekipitia mara nyingi. Na mwaka huohuo wa 2006, sisi tukiwa Sinza bila habari, Roediger na Karpicke kule Marekani walichapisha majaribio yao: wanafunzi waliosoma kifungu na kukirudia tu walifanya vizuri zaidi dakika tano baadaye, ila baada ya siku mbili na baada ya wiki moja waliowashinda ni wale waliofunga karatasi na kujipima kwa kuandika walichokikumbuka. Ningependa kila mwalimu wa sekondari nchini kwetu aijue kazi hiyo. Watoto wetu wanakeshea kurudia, na hakuna anayewaambia kwamba kujipima ndiko kunakofundisha.

Jumamosi kundi letu la majadiliano lilikutana Yombo, pale chuoni, kwenye madarasa ambamo tungefanyia mtihani. Hilo tulilifanya kwa makusudi, kwa sababu ya Godden na Baddeley, waliowapa wapiga mbizi orodha ya maneno 36, wengine nchi kavu, wengine chini ya maji, mwaka 1975, wakaona neno lililojifunzwa majini hukumbukwa vizuri zaidi majini. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Bartlett. Kitabu chake cha 1932 kina jaribio maarufu la hadithi ya Wahindi Wekundu kuhusu vita vya mizimu. Waingereza waliosomeshwa hadithi hiyo waliisimulia upya wakiwa wameigeuza bila kujua: mitumbwi ikawa mashua, kuwinda sili kukawa kuvua samaki. Tukaamua tuijaribu sisi wenyewe. Mmoja wetu akaisoma kwa sauti kwa Kiswahili, akamsimulia wa pili pembeni, wa pili akamsimulia wa tatu, mpaka ikafika kwa kijana wa Kilwa aliyekuwa wa mwisho.

Ilipofika kwake, sili walikuwa wamekwisha kuwa pomboo. Mizimu ilikuwa imegeuka majini. Mto ulikuwa umegeuka bahari. Pale hadithi inaposema kitu cheusi kilimtoka mtu mdomoni jua lilipochomoza, yeye alisema kijana yule alikuwa amelogwa, akatapika dawa aliyolishwa. Hakuna kati yetu aliyekusudia kudanganya. Kila mmoja alikuwa amekosa mahali pa kuliweka jambo geni, akaliweka kwenye rafu iliyokuwepo tayari kichwani mwake. Bartlett aliiita rafu hiyo skima. Tulikaa kimya kidogo baada ya pale, maana tulikuwa tumekiona kitabu kikitokea mbele yetu, kwa sauti zetu wenyewe.

Lakini mtu aliyenishika zaidi ni Elizabeth Loftus. Mwaka 1974 yeye na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu za ajali saba za magari, kisha wakawauliza swali moja: magari yalikuwa na mwendo gani? Kitenzi tu ndicho kilichobadilika. Walioulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipobamizana" walitaja kwa wastani karibu maili 41 kwa saa. Walioulizwa "yalipogusana" walitaja chini ya 32. Filamu ni zilezile. Katika jaribio la pili walikuwa wanafunzi 150, na baada ya wiki moja waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Kati ya 50 wa "yalipobamizana", 16 walisema waliviona. Kati ya 50 wa "yalipogongana" walikuwa 7, na kati ya 50 ambao hawakuulizwa mwendo kabisa walikuwa 6. Katika filamu ile hapakuwa na kioo kilichovunjika.

Nilimsomea mwenzangu tarakimu hizo taratibu. Akaweka kalamu chini. Mwaka ule tulikuwa tukipanda daladala kila siku, na ajali tulikuwa tukizisikia zikisimuliwa kabla hata hatujazifikia: "yamevaana uso kwa uso", "limemfagia". Anayefika baadaye na kuulizwa na trafiki anakuwa amekwisha kupokea mwendo wa gari mdomoni mwa konda.

Yeye naye akanifundisha upande wake. Kesi alizokuwa akizisoma zilianzia mbali: Abdalla bin Wendo ya 1953, Roria ya 1967, zote za Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, mpaka Waziri Amani. Mahakama haikatai ushahidi wa mtu aliyeona, alinieleza. Inasema tu kwamba kumtambua mtu kwa kumwona ni ushahidi dhaifu sana, na mahakama isimtie mtu hatiani kwa huo mpaka uwezekano wote wa kukosea umeondolewa. Ndiyo maana shahidi huulizwa alimwona kwa muda gani, kwa umbali gani, usiku au mchana, kama palikuwa na mwanga ni wa nini na ulikuwa mkali kiasi gani, na kama alikuwa akimjua mtu yule kabla. Kusema "palikuwa na mwanga" hakutoshi. Uingereza nayo ilifikia mawazo ya karibu na hayo mwaka 1976, kwa ripoti ya Devlin na kesi ya Turnbull. Nilifurahi kuona majaji waliokuwa hawajafanya jaribio hata moja la maabara wameufikia ukweli mkubwa kwa kusikiliza watu mwaka baada ya mwaka.

Mgao ukatupa maabara. Usiku mmoja mwenzangu alisimama mwisho wa korido, mlango wa uani, mshumaa ameuweka sakafuni nyuma yake. Mimi nilikaa mlango wa mbele na daftari. Wapangaji wakawa wanapita kwenda uani na kurudi, na kazi yangu ilikuwa kuandika ni nani kabla hajanifikia. Nilipata karibu wote. Kisha akaniuliza swali la wakili: "Umemtambua kwa nini?" Nilipolifikiria kwa uaminifu, nikaona sura sikuwa nimeiona hata moja. Mwanga ukiwa nyuma ya mtu, uso unakuwa giza tupu. Fundi cherehani nilimjua kwa kikohozi chake. Binti yake nilimjua kwa namna anavyoshika ndoo. Mgeni wa jirani, aliyefika siku ile kutoka Morogoro, sikuweza kumwandika lolote, wala urefu wake sikuupatia. Tukahamisha mshumaa, tukauleta mbele, tukauweka juu ya kopo la Mama, na kila mahali tulipouweka korido ilitupa mashahidi wengine. Sehemu ile ya hukumu inayouliza kama shahidi alimfahamu mtu kabla, tuliielewa pale sakafuni.

Siku chache kabla ya mtihani, mwizi aliingia nyumbani kwetu. Ilikuwa usiku wa mgao. Alichukua redio ya Mama na beseni la nguo za fundi zilizokuwa zinangoja wenyewe. Mama alifungua mlango akamwona akitoka, akapiga kelele, na mtu yule akaishia gizani. Sisi tulitoka tukakuta mlango wa uani uko wazi.

Asubuhi foleni ya maji ilikuwa na habari moja tu. Nilisimama na ndoo yangu nikisikiliza. Mmoja alisema lazima ni wale vijana wa kuosha magari pale kona. Mwingine akasema jana jioni alimwona mmoja wao akikatiza nyuma ya nyumba, amevaa jezi ya Simba. Ndoo zilipokuwa zinajaa, jezi ilikuwa imekwisha hama kutoka jana jioni ikaingia usiku wa wizi: "Alikuwa na jezi nyekundu." Aliyechelewa kufika aliipokea hivyo. Mama alikuwa palepale, anatikisa kichwa kwa uchungu wa redio yake, na mchana alipokuja jamaa yake kumpa pole nilimsikia akisema kwa sauti yake mwenyewe, "Mwenye jezi nyekundu."

Jioni vijana wa mtaa walikuwa wamemkalisha chini kijana mmoja wa kuosha magari, pale kijiweni. Alikuwa na jezi ya Simba. Nusu ya jiji lile lina jezi ya Simba. Kila mtu aliyekulia Dar anajua neno "mwizi" linaweza kumfikisha mtu wapi kabla mjumbe hajafika.

Mwenzangu alikwenda kumwita mjumbe wa nyumba kumi. Mimi nilibisha kwa Mama. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu." Nikamwomba anisimulie usiku ule upya, nikitumia njia iliyokuwa kwenye madesa yangu, ile ya Fisher na Geiselman ya miaka ya 1980, inayoitwa mahojiano ya kiutambuzi. Humuulizi shahidi jambo lililotajwa na wengine. Unamrudisha mahali na wakati ule, unamwacha aseme kila kitu hata anachokiona hakina maana, humkatizi. Nikamwambia afumbe macho, aanzie pale alipokuwa amelala, anasikia nini, chumba kinanukia nini.

Akaanza polepole. Alisikia mlango. Mafuta ya kibatari yalikuwa yananuka kwa kuwa utambi ulikuwa unakaribia kwisha. Akainuka, akakishika, akafungua. Mtu alikuwa amefika karibu na mlango wa uani, mrefu, amejikunja, ana mzigo begani. Kibatari kilikuwa huku kwake Mama, na mtu yule alikuwa amempa mgongo. Ndala zake zilipiga sakafu, moja ikiburuta. Akanyamaza. Nikangoja. Nikamuuliza tu, "Na alivaa nini, Mama?"

Alifumbua macho akanitazama. "Mwanangu, nguo sikuiona. Jezi nimeisikia pale bombani asubuhi."

Akajitanda kanga yake akatoka, mimi nyuma yake, akaenda mpaka kijiweni, akasema maneno yaleyale mbele ya mjumbe na vijana. Wapo waliokasirika. Mmoja alimwambia kwa adabu lakini kwa ukali, "Bi mkubwa, mchana si ulisema mwenyewe?" Akajibu kwamba mchana alisema alichoambiwa. Kijana akaachiwa. Redio haikupatikana, na aliyeichukua hatukumjua.

Usiku ule hatukusoma mapema. Mwenzangu alikuwa amejikunyata kitandani, na nilimsomea kisa cha Jennifer Thompson, ambacho mhadhiri wetu alikuwa ametusimulia darasani. Mwaka 1984, huko Burlington, North Carolina, mwanafunzi huyu wa miaka 22 alibakwa chumbani mwake. Katikati ya unyama ule aliutazama uso wa mtu yule kwa makusudi ili aje amkamatishe. Kwenye picha za polisi akamchagua Ronald Cotton, kwenye gwaride la utambulisho akamchagua tena, na polisi wakamthibitishia kwamba amemchagua yuleyule wa kwenye picha. Alipopanda kizimbani hakuwa na chembe ya shaka. Kesi iliposikilizwa mara ya pili mwaka 1987, mtu mwingine, Bobby Poole, aliletwa mahakamani, na Jennifer akasema hajapata kumwona. Mwaka 1995 vipimo vya DNA vilionyesha kwamba ni Poole. Cotton alikuwa amekaa gerezani zaidi ya miaka kumi. Baada ya kutoka alimsamehe Jennifer, wakawa marafiki, wakazunguka pamoja kudai sheria za utambuzi zibadilishwe.

"Uhakika wake ulikuwa wa kweli," nilimwambia mwenzangu. "Ila ulikua baada ya tukio. Kila alipothibitishiwa, uliongezeka."

Akanijibu kama mtu wa sheria: "Shoga, ukinivunjia mashahidi wote, Jamhuri itathibitisha kesi kwa nini?" Lilikuwa swali la haki, na nashukuru aliliuliza, kwa sababu lilinipeleka kwenye utafiti niliokuwa nimeuruka. Yuille na Cutshall, 1986, hawakutumia filamu. Walikwenda kwa watu walioshuhudia ufyatulianaji risasi wa kweli nje ya duka la bunduki huko Kanada, ambapo mwizi aliuawa. Mashahidi 13 walikubali kuhojiwa tena baada ya miezi minne hadi mitano. Walikumbuka mengi, kwa usahihi mkubwa, na maswali ya mtego hayakuwayumbisha. Mwenzangu alikaa wima. Akaniletea kesi yake ya Marwa Wangiti, ambamo Mahakama ya Rufani inasema shahidi aliyemtaja mtuhumiwa mapema kabisa anaaminika zaidi. Tukaona hayo mawili yanashikana: maneno ya kwanza ya mtu, kabla hajafika bombani, yana thamani ambayo ya wiki inayofuata hayana.

Swali la ushahidi lilikuja kwenye mtihani. Tulitakiwa kujadili, kwa tafiti, kama ushahidi wa macho unaaminika. Niliandika kuhusu Loftus na Bartlett na Kanada, nikaongeza Waziri Amani, kesi ambayo haikuwa kwenye muhtasari wetu. Niliandika kwamba mahakama zetu zimeuliza vizuri sana juu ya usiku wa tukio: mwanga, umbali, muda. Macho ya shahidi yamepimwa vya kutosha. Masikio yake baada ya hapo hayajapimwa vya kutosha, nani alizungumza naye, nani alimwambia nini, aliulizwa kwa kitenzi gani. Karatasi ya ziada niliyoomba niliijaza hadi mwisho.

Mwenzangu sasa ni wakili, mimi nafundisha walimu. Nimepata kumsikiliza akihoji shahidi katika kesi ya unyang'anyi. Alianza na maswali ya hukumu, taa ilikuwa ya aina gani, ilikuwa wapi, wewe ulikuwa wapi. Kisha akauliza: "Kabla hujaandikisha maelezo yako polisi, ulizungumza na nani?" Shahidi akataja majirani, shemeji yake, na watu waliokuja kumpa pole. "Na katika hao, kuna aliyekutajia nguo?" Hakimu aliinua kichwa, akaandika jibu. Mimi ningetaka swali hilo lisingoje mahakama. Liulizwe usiku uleule, kaunta ya kituo, na askari aandike maneno ya shahidi yalivyotoka, bila kumchagulia hata kitenzi kimoja.